Kuisahihisha MiG-21 ya plastiki kwa vitu vya sokoni Mwanjelwa, Mbeya

Mugonile jamani. Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele, na nyie wadogo zangu huko nyuma sogeeni, viti vipo, maana vitu vya leo ni vidogo na nikisema angalia hapa wewe wa mlangoni utaona kidole changu tu.

Hapa mezani kuna seti ya kuunganisha ya ndege vita ya plastiki, MiG-21MF, yaani toleo la MF la ndege ya Kisovieti MiG-21, skeli ya moja kwa sabini na mbili. Yaani kila kipimo cha ndege halisi kimegawanywa kwa 72. Mimi kazi yangu ya kula ni kuchora ramani za nyumba, huko tunatumia moja kwa mia na hesabu inakaa kichwani, hii ya 72 haikai kichwani kwahiyo toeni simu fungueni kikokotoo, tutakitumia jioni nzima. MiG-21 nimeichagua kwanza kwa sababu ilitengenezwa kwa wingi, Wasovieti peke yao walitoa zaidi ya 10,000, kwahiyo picha zake haziishi, alafu ni ndege inayotuhusu, vita ya Kagera 1978 na 1979 MiG-21 zilikuwepo pande zote mbili na za Uganda zilikuwa hizi hizi za MF. Stori za vita siingii, humu ndani naona wazee wanaozijua kuliko mimi, mkimaliza na mimi mkawaulize wao.

Sasa. Mtu akisikia kusahihisha modeli anajua ni kuongeza vitu. Waya hapa, kabomba pale, ripiti, zile pini za kushikia mabati, mwili mzima. Hapana. Kuongeza ni jambo la mwisho kabisa na mara nyingine halina hata haja. Jicho la mtu likiiona ndege linaona kwanza umbo, linaona pili unene, vidude vinakuja baadaye sana. Unaweza ukaweka waya 40 kwenye chumba cha rubani lakini kama mdomo wa hewa pale mbele ni mnene kama wa ndoo, mtu anayezijua hizi ndege atageuka pembeni na huzioni tena hizo waya zako. Kwahiyo nusu ya muda wangu leo ni vipimo, wenye haraka ya kushika kisu mnivumilie.

Makosa ya seti yana asili mbili na ni muhimu uyatenganishe. Kuna kosa la kiwanda kushindwa, yaani plastiki ya moto inasukumwa kwenye moldi ya chuma, ikiwa nyembamba mno haifiki mwisho, kwahiyo kila kitu kinachotakiwa kuwa chembamba kinatoka kinene, na tundu linalotakiwa kuwa refu linatoka fupi kwa sababu moldi lazima ifunguke. Hilo siyo kosa la mtu, utalikuta kwenye seti zote kwa kiasi fulani. Alafu kuna kosa la mchoraji, yaani kipimo chenyewe hakikuwa sahihi toka ofisini. Hili la pili ndo baya maana limefichwa vizuri, linakaa pale limenyooka na linang'aa na wewe unaamini. Hii seti yangu ina yote mawili, kiwanda gani sisemi, mkitaka kujua angalieni boksi wenyewe.

Tuanze na bawa. MiG-21 kutoka ncha ya bawa mpaka ncha ni mita 7.154. Pigeni hapo, 7,154 gawanya kwa 72. Mmepata 99.4, sawa, milimita 99.4. Nikiunganisha hii ya kwenye seti bila gundi nikapima kwa venia, kile kipimo cha milimita chenye taya, napata 97. Imepungua 2.4, kila upande 1.2. Mtu atasema aisee mzee milimita moja nukta mbili nani ataona, haya irudishe mara 72, ni sentimita 8 na kidogo kila upande. Kwenye nyumba ukuta ukikosea sentimita 8 mlango hauingii.

Hapa ndo pazuri sasa, maana swali siyo imepungua kiasi gani, swali imepungua wapi. Wengi wanakimbilia kuongeza kipande nchani. Subiri kwanza. Bawa la MiG-21 ni pembetatu iliyokatwa ncha, ukingo wa mbele umelala nyuzi 57 na ukingo wa nyuma umenyooka karibu kabisa. Kwahiyo kila milimita moja unayotoka nje kuelekea nchani, urefu wa bawa kutoka mbele kwenda nyuma unapungua milimita moja na nusu na kitu, ni tanjenti ya 57, waliosoma hesabu wapo wataniambia, 1.54. Maana yake ni kwamba bawa lenyewe litakwambia limekatwa wapi. Pima ncha, kutoka mbele kwenda nyuma. Kama ncha ni ndefu kuliko inavyotakiwa kwa karibu milimita 1.8, basi mchoraji alilikata mapema, ongeza nchani ukifuata mistari ya kingo zote mbili na kila kitu kitajikaa chenyewe. Kama ncha iko sahihi, basi kilichopungua kiko shinani kule kwenye mwili, na ukiongeza nchani utapata ndege yenye ncha kali ambayo haijawahi kuruka popote duniani. Hii yangu ilikuwa ya shinani. Nikabandika ukanda wa plastiki wa 1.2 pale bawa linapogusana na mwili, nikapiga msasa, na uzuri wake kiungo kimejificha kwenye kona ambapo hata ndege halisi ina mstari.

Hivi vipimo natoa wapi? Michoro ya kwenye intaneti mingi ni ya watu kunakiliana, mmoja alikosea miaka hiyo na wengine wote wamemfuata. Mimi mchoro nauamini nikiwa nimeupima kwa vitu viwili ninavyovijua kwa uhakika. Cha kwanza hiyo 7.154. Cha pili gurudumu. Tairi kubwa la MiG-21MF limeandikwa 800 kwa 200, yaani kipenyo milimita 800 upana 200. Hicho ni kipimo cha kiwandani, hakibishaniwi. Na hapo unapata zawadi, ukiwa na picha nzuri ya ubavu iliyopigwa kwa mbali, siyo ya mtu aliyesimama puani mwa ndege na simu, basi gurudumu ndo rula yako. Pima gurudumu kwenye picha, pima kile unachokitaka kwenye picha, gawanya, umepata ukweli. Ila gurudumu lipime kwa ulalo, usilipime kwa wima, maana chini limebanwa na uzito wa ndege na ukilipima wima unapata dogo. Na kitu unachokipima kiwe karibu na gurudumu, siyo cha mkiani.

Mama hapo mbele anauliza kwanini nisipime kwenye ndege halisi. Mama yangu, ukinipatia kibali cha kuingia kambini na futi yangu mimi naacha kazi kesho.

Tukiwa hapo hapo kwenye gurudumu. 800 kwa 72 ni 11.1. La kwenye seti hii pimeni, lina 9.3. Mnajua limetoka wapi? MiG-21 za mwanzo, zile F-13, zilikuwa na tairi la 660, na 660 kwa 72 ni 9.2. Kiwanda kimetengeneza fremu moja ya magurudumu kikaiweka kwenye maboksi yote, la F-13 na la MF. Na kichekesho ni kwamba ubavuni mwa mwili, juu ya bawa, wameweka uvimbe. Ule uvimbe uliletwa kwa sababu tairi jipya lilikuwa kubwa halienei ndani, maana gurudumu la MiG-21 likipanda linajigeuza na kusimama wima ndani ya mwili huku mguu umelala kwenye bawa. Kwahiyo seti ina uvimbe wa tairi kubwa na tairi dogo, vinapingana vyenyewe kwa vyenyewe. Mimi vitu vya namna hii vinanifurahisha kuliko mpira.

Gurudumu jipya halina ugumu. Kata viduara vitatu vya plastiki, bandika pamoja, toboa katikati, ingiza kijiti cha chuma, funga kwenye drili na uzungushe taratibu huku umeshika msasa mpaka venia ikusomee 11.1 na upana 2.8. La mbele ni 500 kwa 180 hilo fanyeni hesabu wenyewe.

Sasa mdomo. Huu ndo uso wa MiG-21, ni duara wazi lenye koni katikati. Za F-13 mdomo ulikuwa na kipenyo cha milimita 690, baadaye walivyotaka kuweka rada kubwa zaidi kwenye koni wakaupanua mpaka 870, na MF ni huu wa 870. Kwa 72 ni 12.1. Hii seti kwa nje iko sawa, sina ugomvi, tatizo ni mdomo wenyewe una unene wa milimita moja na robo, irudishe mara 72 ni sentimita 9, na kwenye ndege halisi ule ukingo ni mkali. Hapa hamna kuongeza kitu, ni kutoa. Nachukua kalamu ya risasi, naizungushia msasa namba 400, naingiza ndani nazungusha, nazungusha, alafu 600, alafu 1000 ya maji. Unakula kutokea ndani tu, nje usiguse. Unaishia pale ukingo ukishikwa kwenye mwanga unaanza kupitisha mwanga kidogo. Na ufanye kabla hujaunganisha mwili maana vumbi la plastiki likiingia ndani na ndege imefungwa linakusumbua kila ukipaka rangi, linatoka tu.

Hivyo hivyo ukingo wa nyuma wa bawa. Bawa la MiG-21 ni jembamba, unene wake haufiki hata asilimia 5 shinani na ni 5 nchani, na kule nyuma linaisha kama wembe. La kwenye seti linaisha na nusu milimita, ambayo ni sentimita 3.6. Vipande vya juu na chini vipige msasa kwa ndani kabla ya kuunganisha. Mistari ya mabati ya nje inabaki salama.

Vifaa. Hapa najua ndo wengi mnaposubiri maana plastiki maalumu za kazi hii Mbeya haziuzwi na kuagiza ni gharama. Geuzeni chombo chochote cha plastiki chini mtaona pembetatu na namba. Namba 6 ndo ndugu wa seti hii, polistaireni, kasha la CD la zamani ni hilo hilo, linaungana na seti kwa gundi ya modeli kabisa maana gundi inayeyusha pande zote mbili zinakuwa kitu kimoja. Hata thinna ya rangi ya gari inaweza kuyeyusha, mafundi rangi wa pale Mwanjelwa wanaipima kwa chupa ya soda, ila tafadhali dirisha wazi na jiko la mkaa liwe mbali, hiyo kitu inawaka na mvuke wake siyo wa kuvuta. Namba 1 ni chupa za maji, hiyo haiyeyuki kwa gundi ya modeli unatumia supagluu. Namba 3 ni PVC, kadi ya benki iliyoisha muda, nayo supagluu, na uzuri wa kadi ya benki ni kwamba dunia nzima ina unene wa 0.76 kwahiyo ukiwa huna venia una kipimo mfukoni. Namba 5, vifuniko na ndoo, achaneni nayo, haishiki gundi wala rangi.

Milango ya magurudumu kwenye seti ina unene wa milimita moja, sentimita 7 hiyo, mlango wa benki. Kopo la soda ni karibu 0.1, ambayo kwa ndege ni milimita 7. Kata kwa mkasi, nyoosha juu ya kioo, kwaruza kwa msasa rangi ishike. Mlango halisi una bati la nje na fremu ya ndani kwahiyo weka tabaka mbili, la ndani ukitoboa toboa kabla.

Wenye ndugu mahospitalini, sindano. Mpya nasema, za kwenye paketi, duka la dawa zipo bei ya chini, sitaki kusikia mtu ameokota. Rangi ya kitako inakuambia unene, ya kijani ni 0.8, ya bluu ni 0.6, ya chungwa ni 0.5. Siyo kila mbili zinazofuatana zinaingiliana, chagua nyembamba inayopita kwenye tundu la nene, na ukizipanga hivyo unapata ule mrija wa pito wa mbele, wa kupimia mwendo wa ndege, unaopungua unene kuelekea nchani, mgumu na hauvunjiki kama wa plastiki. Na hapa muwe makini, mahali pa mrija ndo kitambulisho cha ndege. F-13 uko chini ya mdomo. Zilizofuata ukahamia juu katikati. MF umesogea juu upande wa kulia wa rubani. Nimeona modeli nzuri sana, rangi safi, mrija uko katikati na ubavuni imeandikwa MF. Alafu mzinga wa tumboni, MF ina GSh-23, mitutu miwili ya milimita 23. Gawanyeni. 0.32. Sasa tundu la sindano ya bluu ni kama 0.33 hivi. Yaani mtu wa maabara amekutengenezea bunduki bila kujua. Kuikata usitumie koleo inabana tundu, izungushe chini ya faili jembamba huku waya umeingia ndani, ukitoa waya tundu liko wazi.

Waya kwa fundi simu, mwombe wa jampa, ule mwembamba kama nywele, na mnene kidogo kwa anayesuka mota. Hiyo ni ya mabomba ya breki kwenye miguu ya kutua na basi. Sikai sana hapo.

Chumba cha rubani, maneno machache. Kioo kikiwa kimefungwa huoni kitu zaidi ya kiti na juu ya dashibodi, kwahiyo amua kwanza, wazi au imefungwa. Ukiamua wazi basi kumbuka cha MF kinafungukia kulia, cha F-13 ndo kilikuwa kinafunguka kwa mbele. Mikanda kata kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, upana 0.6. Na kama utafanya kitu kimoja tu humo ndani, chora ule mstari mweupe wa wima katikati ya dashibodi. Upo kwenye ndege halisi, rubani ndege ikianza kuzunguka hovyo anasukuma usukani kwenye ule mstari ajue uko katikati. Mstari mmoja wa brashi na mtu anayejua atakupa mkono.

Kioo chenyewe kikiwa kinene, kijaze kwa ndani na gundi ya mirija miwili, epoksi, ikikauka una kinyago, yaani umbo la kuvutia plastiki mpya juu yake. Lakini ukivuta plastiki ya moto juu ya kinyago hicho kioo kipya kitakuwa kikubwa zaidi kwa unene wa hiyo plastiki, kwahiyo kipunguze kinyago kwa msasa kwanza. Wengine wanachonga kinyago cha mbao, sawa, ila siyo msonobari wa Sao Hill, nyuzi zake zinajichora kwenye kioo, chukua mpera. Plastiki ya chupa ya maji ukiipasha sana inageuka nyeupe kama maziwa na hairudi tena, ipashe juu ya sahani ya umeme kwa mbali, ikianza kulegea tu, sukuma.

Na baridi yetu hii. Mwezi wa sita na wa saba gundi ya mirija miwili usiiamini kesho yake, ina usingizi, iweke karibu na taa ya kawaida ile ya moto. Masika ukipuliza rangi ya thinna inapata ukungu mweupe kwa unyevu, wenzetu wa Tukuyu ndo kabisa wasubiri siku ya jua kama wataiona.

Maswali. Ndiyo kaka, wa koti la bluu. Bodi fila ya magari, inafaa? Inafaa sana kwenye mashimo makubwa, ni ngumu na haisinyai, ila ni nzito kusugua kuliko plastiki inayoizunguka, ukipiga msasa kwa kidole plastiki inaliwa na fila inabaki kilima. Funga msasa kwenye kipande cha mbao bapa. Mashimo madogo tumia supagluu, sugua siku hiyo hiyo kabla haijawa jiwe.

Dada? Ripiti. Ndege halisi ripiti ina milimita 4 au zaidi kidogo, gawanya 72, ni 0.06, hata ukitumia sindano kali utaichora kubwa kuliko inavyotakiwa. Mimi siweki. Kuna marafiki zangu wanaweka na tunabishana, kwenye 1 kwa 48 nawaelewa kidogo, kwenye hii siwaelewi.

Mzee shikamoo, ndiyo. Kama inatosha kurekebisha mdomo na gurudumu bila kugusa bawa? Inatosha mzee, ukianza na mdomo. Bawa mtu mpaka apime, mdomo anauona toka mlangoni.

Haya, wenye venia njooni huku mbele wawili wawili. Huu mwili bado haujaunganishwa, pimeni unene wa mdomo upande wa kushoto ambao nimeshausugua na wa kulia ambao bado, na yule mdogo wangu mwenye kalamu ya risasi nene nakuomba, msasa huu hapa, anza na 400.